Tulivyomfuata Masunga Unguja

Tangu turudi, kila mmoja wenu ananiuliza swali lilelile: bahari mmeiona? Tumeiona. Ni kubwa na ina chumvi. Mkishasikia hivyo mnacheka, mnataka niendelee, na mimi kengele ya kipindi inanisaidia kukimbia. Sasa nimechoka kukimbia. Nawaandikia mara moja, ninyi wanne tu, yote yalivyokuwa. Mama ameniruhusu. Alisema, "Waandikie wenzako wapumzike. Ila yasifike Mwanhuzi." Basi yasifike kwetu.

Kutoka Mwanhuzi

Mnajua kwamba baba alifariki mvua za mwaka juzi. Alikufa kwa presha, asubuhi, kikombe cha uji kikiwa mkononi. Mnajua pia kwamba kaka yangu Masunga, mtoto wa kwanza, hakuja kuzika. Alituma ujumbe kwamba hoteli anayofanyia kazi huko Unguja imemnyima ruhusa. Alikuwa na miaka saba kisiwani, na kila akipiga simu alituambia yuko idara ya utamaduni, anawaeleza wageni mila za watu wetu. Mama alilipenda sana neno hilo, idara. Alilitamka kanisani, kisimani, hata kwa daktari wa mifugo aliyekuja kuchanja ng'ombe.

Kikao cha ukoo cha kumaliza msiba kiliitishwa mara mbili, na mara mbili kikaahirishwa. Baba mdogo Gamaya, ambaye ndiye mkubwa wetu sasa, alikuwa na neno moja tu: "Mtoto wa kwanza lazima aweke udongo wake kwenye kaburi. Asipoweka, mji huu utakaa nusunusu." Masunga akasema atakuja baada ya Krismasi. Halafu baada ya Pasaka. Tulipomaliza kuvuna pamba, mama akafunga mizigo bila kumwambia mtu. Aliniita kwa simu ya kondakta, nikamkuta stendi ya Bariadi ameketi juu ya mfuko wa michembe, kibuyu cha samli mapajani, shingo imenyooka kama mtu anayesubiri kuitwa mahakamani.

"Mayu, unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Unguja. Wewe unajua Kiingereza, utanisindikiza."

Nikamwambia Unguja wanaongea Kiswahili, tena kizuri kuliko chetu. Akasema, "Wageni wanaoambiwa mila zetu wanaongea nini? Nataka kusikia mwanangu anavyotusemea."

Hilo ndilo lilikuwa kosa letu la kwanza. Tulikwenda kusikiliza.

Alilala kwangu Somanda siku mbili wakati nikiaga kazini. Nilimpigia Masunga simu kumwambia tunakuja. Aliniuliza mara mbili kama ni kweli. Kisha akasema kwa furaha kubwa mno, "Karibuni sana! Nitawapangia kila kitu."

Barabarani

Basi lilitupeleka vizuri hadi karibu na Binza, pale Maswa, kisha likatoa moshi na kusimama. Fundi aliingia uvunguni, akatoka, akaingia tena. Nusu siku ikaisha tukiwa kando ya barabara, abiria wakinunua mahindi ya kuchoma. Mama hakununua kitu. Alifungua mfuko akagawa michembe kwa kila aliyekuwa karibu. Ninyi mnaotafuna biskuti ofisini, wale watu walitafuna vile viazi vikavu kama wamepewa nyama.

Mmoja wao alikuwa mzee mnunuzi wa pamba aliyewahi kuishi Unguja. Mama akamuuliza kama kisiwani kuna Wasukuma.

"Wapo wengi, mama. Lakini hutawajua."

"Kwa nini?"

"Wamevaa mashuka mekundu."

Akacheka hadi akapaliwa. Mama naye akacheka, kwa adabu. Mimi nilicheka kwa sababu jua lilikuwa kali na nilitaka kitu cha kuchekea.

Tulipopata basi jingine, samli ikaanza kuyeyuka na kupenya mdomoni mwa kibuyu. Abiria wa siti ya mbele alinusa mara tatu, akamwita kondakta. Kondakta akataka kibuyu kiende buti.

"Hakiendi," mama akasema. "Ni cha mwanangu."

"Mama, kinanuka."

"Kinanuka nyumbani kwao."

Akakikumbatia kuanzia Nzega hadi Dar es Salaam, akalala nacho, akala nacho, na gauni lake la kitenge likabaki na duara la mafuta tumboni. Hakukubali kulibadilisha. Kwenye mabegi alikuwa na gauni moja tu jingine, na hilo, alisema, ni la siku ya kumwona Masunga.

Majini

Mama aliwahi kuliona ziwa pale Lamadi, kwa hiyo tulipopanda boti Dar mwanzoni hakushangaa. Alishangaa ardhi ilipopotea pande zote. Akaniuliza, "Hawa wanaoendesha, njia wanaionea wapi?" Baada ya hapo alitapika, akaomba Mungu, akatapika tena. Dada mmoja aliyevaa baibui, hatujui hata jina lake, alimshika kichwa na kumnusisha ndimu hadi tukafika. Nataja huyo dada kwa sababu kisiwani tulitendewa wema na watu tusiowajua kuliko na mtu wetu.

Masunga hakuwepo bandarini. Alikuwepo mwanaume mnene wa makamo, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, ameshika karatasi iliyoandikwa MAMA MASUNGA.

"Karibuni, karibuni sana. Mie naitwa Makame, dereva. Masunga ni rafiki yangu. Kaniambia leo na kesho ana kazi nyingi, nikutembezeni kwanza mjipumzishe."

Mama akamtazama kana kwamba yeye ndiye aliyekosea. "Sikuja kutembea, baba. Nimekuja kwa mwanangu."

"Naam, bibi. Mtamwona. Leo mtembee kidogo tu."

Mji Mkongwe

Alituweka nyumba ya wageni yenye ngazi nyembamba na mlango uliojaa misumari ya shaba. Mama aliugusa ule mlango, akauliza walikuwa wanamwogopa nani. Mchana Makame akatuletea urojo. Mama alichungulia bakuli: mchuzi wa njano, viazi, bajia, nyama, vipande vya mihogo mikavu juu yake.

"Huu uji umeangukiwa na nini?"

Makame alicheka hadi machozi. Mama alikula vijiko vitatu, akasema ni kizuri ila kina haraka, kila kitu kimeingia kwa wakati mmoja. Akaomba ugali. Mwenye nyumba akampikia ugali na pweza. Pweza alimrudisha bila neno, ugali akaula kwa chumvi.

Alasiri Makame akatupeleka kwenye mnada wa zamani wa watumwa. Tuliinama kuingia kwenye vyumba vya chini, tukaona minyororo. Mwongozaji alieleza kwa sauti ya mtu aliyesema jambo hilo mara elfu na bado linamuuma. Akasema wengi walitoka bara, mbali sana, wakiwemo watu wa kwetu.

Mama alikaa kwenye jiwe walilokuwa wanakalishwa watumwa. Akauliza, "Mama zao waliambiwa walikofikishwa?"

"La, bibi. Nani angewaambia?"

"Majina yao yaliandikwa?"

"Hayakuandikwa."

Kikundi cha wageni waliokuwa nyuma yetu kilikuwa kinasubiri kupiga picha, ikabidi tutoke. Nje mama akasema, "Kumbe watu wetu walishafika hapa zamani. Na waliofika hawakurudi." Akasema hivyo tu, akaendelea kutembea, akiinua gauni lisiguse maji ya mfereji.

Jioni Masunga akapiga simu. Kesho tena kazi ni nyingi. Makame angetupeleka msituni.

Msituni

Mnajua tunakotoka. Tembo wakiamua kupita shambani kwetu, hatuna mahindi mwaka huo. Fisi tunawajua kwa sauti. Jirani yetu mmoja aliuawa na nyati akifuata mbuzi. Sasa mfikirieni mama, ambaye wanyama amekuwa akiwafukuza kwa debe tangu utotoni, akisimama foleni na watu kutoka nchi za mbali ili aonyeshwe kima.

Lakini niseme ukweli, kima punju ni mzuri. Mgongo mwekundu, uso mweusi, nywele nyeupe zimesimama kama za mzee aliyeamshwa ghafla. Hapatikani kwingine, Makame alisema, ni kisiwa hiki tu. Walikaa chini chini kwenye matawi, wakitutazama bila woga. Mwongozaji wa msitu akatukataza kuwasogelea.

"Wanakula nini?" mama akauliza.

"Majani, matunda machanga. Na makaa."

"Makaa gani?"

"Makaa ya moto, bibi. Yakizimika. Wanayaiba majikoni kwa watu, yanawatuliza tumbo."

Hapo mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu Maswa, kicheko cha kweli, akajishika mbavu. Makame akafurahi sana kumwona hivyo. Akasema hata wao wa vijiji vya hapa wamegombana na kima hao kwa miaka, wanamaliza miche ya watu, lakini wageni wakija kuwaona kijiji kinapata kisima na darasa, basi watu wamejifunza kuvumilia.

"Kwa hiyo anayekuharibia ndiye anayekulisha," mama akasema.

"Ndivyo dunia ilivyo, bibi."

Njiani kurudi, Makame aliona mama amechangamka, na moyo wake mwema ukatuponza. Akapunguza mwendo, akageuka. "Hebu leo tumfanyie Masunga jambo la ghafla. Anapofanya kazi si mbali, ni kule pwani ya mashariki. Saa kumi wanaanza maonyesho. Mkae na wageni mumtazame. Si mlikuja kwa hilo?"

Mama akaomba tupite kwanza nyumba ya wageni, achukue kibuyu na abadilishe gauni.

Kijiji cha utamaduni

Mchangani mbele ya hoteli, mita chache kutoka baharini, mtu alikuwa amejenga vibanda sita vya udongo na kinyesi cha ng'ombe, kwenye kisiwa ambacho watu wake hujenga kwa mawe na makuti. Kulikuwa na uzio wa miiba, mbuzi watatu, na kibao cha Kiingereza kinachosema hapa utaishi saa moja na mashujaa wa Kimasai. Makame akazungumza na mlinzi, tukaketishwa kwenye benchi la mwisho. Yeye akataka kubaki nje kivulini na madereva wenzake kama kawaida yake, lakini mama akamvuta mkono. "Kaa nasi, baba. Umetuleta wewe."

Vijana kumi wakatoka kwenye vibanda wakiruka. Mashuka mekundu, shanga, rungu, nywele zimepakwa udongo. Mama akawapigia makofi. Alikuwa anatafuta mtu aliyevaa suti, yule wa idara. Mimi nilimtambua kaka kwa miguu. Masunga ana mguu wa kulia uliopinda kidogo, alivunjika akiwa mdogo alipoanguka kwenye mkokoteni wa pamba. Nilitaka nisimwonyeshe mama. Lakini mama alishamwona.

"Yule si Masunga?" akasema. "Mbona wamemvisha hivyo?"

"Ni maigizo, Mayu."

"Ahaa." Akaridhika. Shuleni kwetu huwa tunaigiza kuzaliwa kwa Yesu, na anajua mtoto wa dobi anaweza kuwa mfalme kwa nusu saa.

Ngoma ikanyamaza. Wenzake wakakaa chini, Masunga akabaki katikati, akaanza kusema Kiingereza. Sikujua kaka yangu anajua Kiingereza kizuri vile. Alisema jina lake ni Lekishon. Alisema siku aliyozaliwa, simba alimuua baba yake akilinda ng'ombe. Mama yake alipoletewa mwili, alilala kando ya mumewe na hakuamka tena. Hapo Masunga akalala mchangani kuonyesha, akajikunja kwa ubavu, mkono chini ya shavu, akafumba macho. Akakaa hivyo hadi nikasikia mawimbi. Kisha akainuka, machozi yanamtiririka, akasema: mimi sina baba, sina mama, ng'ombe ndio walionilea, na ninyi mliokuja kutoka mbali leo ndio jamaa zangu.

Mama alinishika mkono. "Anasemaje?"

"Anaelezea habari za simba."

"Simba gani?"

"Simba wa zamani."

Makame alikuwa anatazama miguu yake. Kiingereza anakijua, dereva wa wageni asijue vipi? Upande wa pili wa mama alikaa bibi mmoja wa Kizungu, mwembamba, kofia kubwa. Alikuwa analia kwikwi. Mama akadhani anaumwa, akampapasa mgongo. "Pole, mama. Pole." Yule bibi akashika mkono wa mama kwa mikono yake yote miwili, hakuuachia. Wakaketi hivyo, mmoja akimlilia mama wa Lekishon, mwingine akimbembeleza.

Maonyesho yalipokwisha wageni wakajipanga kupiga picha na yatima. Mama akasimama kabla sijamzuia. Alipita katikati ya watu na gauni lake jipya na kibuyu chake, akaita, "Masunga! Ng'wanone! Mwanangu!"

Watu wote wakageuka. Msimamizi wa mahali pale, kijana nadhifu mwenye kipaza sauti, akamtazama kaka: huyu ni nani? Niliuona uso wa Masunga. Nimewahi kumkamata mtoto darasani akiibia mtihani. Ulikuwa ni uso huo. Kisha, haraka sana, akasema kwa Kiingereza kwamba katika mila yao, bibi yeyote mzee anaweza kumbariki yatima. Akapiga magoti, akainamisha kichwa, kama vijana wa Kimasai wanavyosalimia wakubwa.

Mama akaweka mkono juu ya ule udongo mwekundu. Akamwambia kwa Kisukuma maneno yale anayotuambia sote tukirudi nyumbani, ya kututakia maisha marefu na watoto. Wageni wakapiga makofi. Simu zikainuliwa juu kama mashamba ya mtama. Msimamizi akasema kwenye kipaza sauti kwamba hawajawahi kuona jambo zuri kama hili, na mama akatabasamu kwa sababu watu wote walikuwa wanatabasamu.

Baadaye Masunga alitupeleka nyuma ya vibanda, akamnunulia mama soda, akamkalisha kwenye kigoda. Mimi nikamvuta pembeni.

"Umemuua mama," nikamwambia.

"Nimemuua mama wa Lekishon. Mama yako yule pale anakunywa soda."

"Kwa nini usiseme wewe ni Msukuma? Hatuna ngoma sisi? Hatuchezi na nyoka, hatuna bugobogobo?"

"Nilisema hivyo mwaka wa kwanza, Minza. Mgeni anauliza, Msukuma ndio nani? Anafunga kamera. Anayemjua ni mmoja tu, mwenye shuka nyekundu. Na Wamasai, wenye shuka yao, wako humu wawili tu, wanacheka nasi."

"Na siku baba alipokufa, ulikuwa wapi?"

Akaacha kujifanya. Akakaa chini, akafuta udongo usoni.

"Siku ile nilikuwa na maonyesho mawili. Ujumbe wako uliingia kabla ya la kwanza. Nililia mbele za watu, sikuweza kujizuia. Wageni wote wakalia na mimi. Msimamizi akaniambia hiyo ndiyo bora kupita zote. Tangu hapo anataka nilie vilevile. Niliomba ruhusa ya kuzika, akasema nikiondoka nafasi anapewa mwingine." Akanitazama. "Siku za kwanza nilimlilia baba. Sasa hivi sijui ninalia nini. Usimwambie mama. Tafadhali."

Tukarudi kwa mama. Akampa kibuyu. Masunga akakipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, na kwa muda ule mfupi alikuwa mtoto wa Mwanhuzi kabisa. Mama akamwambia kuhusu kikao, kaburi, udongo.

"Nitakuja msimu ukiisha, Mayu."

"Msimu upi? Pamba imeshavunwa."

"Wa wageni."

"Unaisha lini?"

Kengele ikalia. Kundi jingine limefika. Akasimama, akakiacha kibuyu mlangoni mwa kibanda, akakimbia. Tulipokuwa tunaondoka, msimamizi alikiokota, akakipangusa, akakigeuza huku na huku. Kisha akakitundika ukutani kwenye vitu vya kale, kati ya mkuki na ngao ya kadibodi.

Kurudi

Makame alitupeleka bandarini kesho yake asubuhi. Kabla mama hajapanda, alivua kofia. "Bibi, niwie radhi. Nilidhani nafanya wema. Wallahi sikuwahi kukaa ndani nikasikiliza."

"Umetenda wema," mama akasema. "Umenionyesha kima anayekula makaa."

Masunga hakuja kuaga. Alituma ujumbe wenye picha ya moyo.

Niliamua kutomwambia mama. Baharini mama hakutapika, alikaa wima akitazama mbele. Basini hakugawa chakula. Tulisimama Singida kula. Nilimnunulia kuku wa kienyeji, akamsukuma pembeni. Akaniuliza, taratibu, kama anayeuliza saa:

"Pale chini alimzika nani?"

"Ni mchezo tu, Mayu."

"Alilalia ubavu wa kushoto, mkono chini ya shavu. Hivyo ndivyo tulivyomlaza bibi yako, Masunga akiwa mlangoni anachungulia. Baba yako tulimlaza kulia. Aliyezikwa pale ni mwanamke. Ni nani?"

Mimi ni mwalimu. Nimeshindwa kuwadanganya watoto wa kidato cha kwanza, nitamdanganya huyu? Nikamtafsiria yote, sentensi kwa sentensi: simba, mwili, ng'ombe waliomlea, jamaa waliotoka mbali. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza.

"Kwa hiyo yule mama mwenye kofia alikuwa ananililia mimi."

"Ndiyo."

"Alinililia vizuri. Hakuniachia mkono."

Nikamuuliza kama alijua tangu pale pale, alipokuwa anambariki.

"Nilijua."

"Sasa mbona ulimbariki?"

"Watu walikuwa wengi, Minza. Ulitaka nimvue nguo mbele ya wageni?"

Honi ikapigwa. Tukarudi kwenye basi, na kuku wa watu akabaki mezani.

Mwanhuzi

Kikao kiliitishwa wiki mbili baada ya hapo. Watu walijaa uani. Baba mdogo Gamaya akamtaka mama aeleze alichokiona kisiwani. Mama akasimama akasema Masunga ni mzima, anafanya kazi kubwa, wageni kutoka kila nchi wanakuja kumsikiliza, na wakimsikiliza hulia. Hakudanganya hata neno moja. Akasema kazi hiyo haimpi nafasi, kwa hiyo anaomba ukoo usimsubiri tena. Nkuba, mdogo wetu, aliyebaki na ng'ombe na ndiye aliyemfumba baba macho, aweke udongo.

Baba mdogo akanigeukia. "Mwalimu, wewe ulikuwepo. Ni kweli?"

"Ni kweli, baba mdogo."

"Anasemaje kuhusu sisi huko?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Mama alikuwa anatazama ng'ombe.

"Anasema ng'ombe ndio waliomlea," nikajibu.

Wazee wakafurahi sana. Wakasema mtoto huyo hajapotea. Nkuba akaweka udongo, msiba ukaisha, watu wakala.

Jumapili iliyofuata, mchana, nilikuwa bado kijijini tukichambua choroko, simu yangu ikaita. Ni Masunga. Sauti ilikuwa ya furaha, ile ya kwanza. Akauliza kikao kimekwendaje, nikamwambia kimekwisha bila yeye. Akashusha pumzi. Akauliza kama nimemwambia mama.

"Sikuhitaji kumwambia. Alijua tangu ulipolala chini."

Kisha, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa wadogo, "Nipe mama."

Nikamnyooshea mama simu. Hakuinua mkono. Aliendelea kupepeta, akatoa jiwe kwenye choroko, akalitupa kando.

"Mwambie," akasema kwa Kisukuma, "marehemu hapokei simu."

Nikamfikishia kaka maneno hayo kama yalivyo, kwa lugha yetu, bila kupunguza. Hakukata simu. Nilikuwa nasikia anavyopumua, na nyuma yake watu wanacheka na bahari inavuma, na mama karibu yangu anapepeta, mpaka salio lake likaisha.